Jina Langu, Mkono wa Nani?

Katika wote wanaoandika hadithi humu gazetini, hakuna anayeijua kompyuta kama mimi. Naijua nje ndani. Nje ina vumbi, na ndani sijawahi kufungua. Lakini barua pepe ya kughushi nimeelezwa mpaka nimeielewa, na leo nanyi mtaielewa, kama shoka litaturuhusu.

Maana niliwaacha na shoka hewani.

Kwa wewe uliyekuta gazeti hili limefungia maandazi: shoka ni la Mzee Shoka, mpasuaji mkuu wa machinjio. Mkono uliolazwa juu ya gogo ni wa mkwewe, Karani, mke wa mwanawe. Kosa lake ni barua pepe. Ilitoka kwa jina la Karani, ikaenda kwa kila hoteli, kila shule na kila bucha, kwamba msimamizi wa ndoano anauza nyama ya kibudu. Na msimamizi wa ndoano ni mumewe mwenyewe! Watu wakamvizia nje ya soko, wakamponda kwa mawe na nondo. Sasa yuko hospitali, taya limefungwa kwa waya, macho yamevimba hayafunguki.

"Unaandikia mkono gani?" Mzee Shoka alikuwa amemuuliza.

"Wa kulia, baba."

"Basi huo nauondoa."

Hapo ndipo nilipowaacha. Shoka likashuka.

Karani aliuvuta mkono kwa nguvu zake zote na nyingine za kuazima. Wifi yake, aliyemkalia mgongoni kumshikilia, akateleza kwenye mafuta ya sakafu. Kuteleza huko ndiko kulikouokoa mkono. Lakini si wote. Shoka lilipita na ncha ya kidole kidogo, ukucha na yote, likazama ndani ya gogo.

Kidole kikabaki peke yake pale juu, kama kinauliza wenzake wamekwenda wapi.

"Umemwachia!" Mzee akamfokea binti yake.

"Nimeteleza, baba!"

"Sakafu hii nimeikuta tangu ujana wangu, haijawahi kumwangusha mtu!"

"Basi iulize leo imeingiwa na nini!"

Karani aliufunga mkono kwa upindo wa aproni. Damu ikapenya, ikadondoka, ikaungana na damu ya ng'ombe kwenye mfereji. Hakulia. Alisimama akiegemea ukuta, meno yakigongana.

"Baba," akasema, "umeanza na asiye na hatia. Hicho kidole hata herufi huwa hakigusi."

Mzee alilivuta shoka. Halikutoka. Akaweka buti juu ya gogo, akavuta tena, mishipa ya shingo ikasimama kama kamba za winchi. Gogo likamng'ang'ania kama mdai. Na wakati gogo linamng'ang'ania, Karani akapata nafasi ya kusema.

"Barua ile ina jina langu. Haina mkono wangu."

"Usinichezee maneno! Jina la mtu ni mtu!"

"Ile nusu ya ng'ombe nyuma yako, baba. Ina tiketi mguuni. Wifi, soma."

Wifi mtu huyu kazi yake ni kuosha utumbo, na ulimi wake umefanana na kazi yake. Alisoma huku amekunja uso. "Imeandikwa hospitali. Kwa nini? Unataka ukalale naye kitanda kimoja?"

"Nani kaiandika?"

"Yeyote mwenye kalamu."

"Na mimi nikichukua kalamu nikaandika jina la baba kwenye tiketi ya ng'ombe aliyeoza, ng'ombe huyo atakuwa wa baba?"

"Nitakupasua katikati!" akanguruma Mzee.

"Utanipasua kwa sababu si wako. Tiketi huandikwa na yeyote. Muhuri kwenye mafuta, huo ndio unaosema ng'ombe kapita mlango gani. Barua pepe nayo ni hivyo hivyo. Jina la juu ni tiketi tu. Mwizi hahitaji kufungua kisanduku changu, hahitaji neno langu la siri. Ananing'iniza jina langu mguuni mwa barua yake, anaituma kutoka kwake. Mihuri ya njiani imefichwa ndani, na ukiamuru ionekane, inaonekana. Nimeitazama. Hakuna mlango wetu hata mmoja."

Mzee akaacha kuvuta. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alifikiri, na usoni ilionekana inauma.

Wifi hakuwa na muda wa kufikiri. Alivua buti lake la mpira, akalizungusha, akamtandika Karani nalo shavuni. Pah! Karani akaanguka juu ya ndoo za vichwa. Vichwa vikabiringika, vikamtazama.

"Kaka yangu ananyweshwa uji kwa mrija!" Wifi akapiga kelele. "Na wewe unatuletea habari za tiketi! Nani aliyekuwa na anwani za hoteli zote? Nani anayejua kutunga maneno? Ng'ombe?"

"Zisikilize kwanza hizo barua zilizorudi, halafu unipige na buti la pili!"

"Zipi zilizorudi?"

Karani akatema damu. "Zilizoandikiwa hoteli zilizofungwa zamani. Barua ikikosa mwenyewe, hurudishwa kwa jina lililo juu. Zikaanza kunirudia kama mbuzi waliokosa zizi. Barua nisizozituma! Nikatazama kwenye zilizotumwa, hakuna. Nikampigia fundi wa mtandao. Akaniambia badili neno la siri, huenda hawajaingia lakini usibahatishe. Akaniambia wapigie watu simu, usiwaandikie, maana leo nani ataamini barua yako? Yeye akafunga mlango kule kwake, barua ikija kwa jina letu na haikutoka kwetu, itupwe. Nilipiga simu mpaka sauti ikanikauka, wifi. Lakini mawe yalikuwa yameshaokotwa."

Nje, kama kuitikia, jiwe likapasua kioo cha juu. Vigae vikamwagika kwenye nyama. Getini sauti zilikuwa zinavuma: "Watoeni wauza vibudu! Watoeni!"

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Msafi.

Msafi ndiye meneja. Jina hilo alipewa kwa ajili ya koti lake jeupe, ambalo miaka yote halijawahi kupata doa, maana mwenyewe hajawahi kugusa hata figo. Ng'ombe anawajua kwa karatasi. Alisimama kizingitini, mkono wa kulia mfukoni, wa kushoto ukichezea funguo.

"Poleni," akasema, sauti kama siagi. "Nimetoka msibani jana jioni, nimemzika mjomba, nakuta haya. Mzee wangu, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi siwezi kukuzuia. Nitasimama hapa mlangoni, mtu asiingie kukusumbua."

Mnaona? Kuna watu hukupa kisu kwa kukuambia hawakioni.

"Bosi," Karani akasema kutoka sakafuni, "mume wangu alikuambia nini wiki iliyopita?"

"Mume wako? Alinisalimia."

"Alikuambia ameona nyama iliyokataliwa inatoka kwa mlango wa nyuma."

Hapa niwakumbushe desturi ya pale. Mnyama akikataliwa na mkaguzi, humwagiwa rangi ya buluu mwili mzima, ili hata mwizi asimtamani. Rangi hiyo ukiipaka sabuni inacheka. Mume wa Karani alikuta nusu tatu za ng'ombe zimesuguliwa kwa brashi, na kwenye mikunjo ya mapaja buluu bado imejificha. Akasema atakwenda kwa mkaguzi. Hajafika mpaka leo.

"Uongo wa mtu aliyebanwa," Msafi akasema. "Mzee, shoka lako limekwama? Tumia kisu."

Mzee akamtazama. Akatazama kisu. Mkono ukakifuata, kwa mazoea.

"Ushahidi uko kwenye simu!" Karani akapiga kelele. "Wifi, uliyoninyang'anya! Fungua uone!"

Wifi akaitoa simu kifuani. Kabla hajagusa kioo, Msafi alikuwa ameshafika. Kwa mkono wa kushoto aliikwapua, akazunguka, akairusha kwenye pipa la maji yanayochemka, lile la kulowekea kwato. Simu ikalia blubu, ikazama.

"Samahani," Msafi akasema. "Imeteleza. Sakafu hii."

"Sakafu ilikuwa chini," akasema Wifi taratibu. "Simu imepita juu."

Hapo, wasomaji wangu, buti la pili likasita mguuni.

Karani alicheka. Mtu aliyepasuka shavu, aliyekatwa kidole, alicheka, mpaka Mzee akarudi nyuma akidhani amerukwa na akili.

"Amechemsha bahasha, anafikiri amechemsha posta," akasema. "Barua haikai ndani ya simu, bosi. Wifi, una simu yako? Fungua ukurasa wa barua. Andika anwani yangu."

"Sipokei amri zako."

"Basi ni ombi."

"Ombi napokea." Wifi akafuta vidole kwenye sketi, akaanza kubonyeza. "Neno la siri?"

Mwanamke aliyelikodolea macho shoka bila kupepesa, sasa akainamisha uso.

"Sema! Au unalitunga?"

"Kisigino changu."

Wifi akaacha kubonyeza.

Mumewe Karani, alipokuwa mtoto wa kutambaa, alikuwa akimfuata dada yake kila mahali, amemshika kisigino. Dada mtu ndiye aliyempa jina hilo. Hakuna aliyelijua nje ya nyumba ile. Na mtu anayetaka mumewe auawe haliandiki jina lake la utotoni kila asubuhi kabla ya kazi.

"Alikuambia?" Wifi akauliza, sauti imepungua.

"Siku ya kwanza tu. Alisema wewe ndiye mama yake wa pili, na kwamba unapiga vibaya."

Wifi akafuta pua kwa kiwiko, akaandika neno lile, kisanduku kikafunguka. (Nanyi msiweke majina ya waume zenu huko. Kwanza ni rahisi kukisiwa. Pili, mume akibadilika, mnakuwa na kazi mbili za kusahau.)

"Zimejaa matusi," akasema Wifi. "Hoteli hii inakutukana. Shule hii inakutukana. Huyu anamtukana mpaka mama yako."

"Ndiyo. Anayejibu barua ya kughushi, jibu haliendi kwa mwizi. Linakuja kwa mwenye jina. Yeye anatupa jiwe, kelele zinakuja kwangu." Karani akajiinua kwa mkono mzima, akamgeukia meneja. "Bosi, na wewe uliipata ile barua?"

"Mimi?" Msafi akatabasamu. "Nimeshasema nilikuwa msibani. Kijijini hakuna mtandao. Nimeisikia kwa midomo ya watu tu."

"Hukuiona kabisa?"

"Kabisa."

"Hujawahi kuipokea?"

"Naapa mbele ya Mzee. Mpaka leo hii sijaiona kwa macho yangu."

"Baba umesikia?"

"Nimesikia," akasema Mzee Shoka. Kisu kilikuwa bado mkononi, lakini kilikuwa hakijui kimtazame nani.

"Wifi, shuka chini. Shuka mpaka ya kwanza kabisa kujibiwa. Barua ilitumwa kwa watu Jumanne. Tafuta ya Jumatatu."

Kidole cha Wifi kikasugua kioo. Nje, geti likalia kwa kishindo. Walikuwa wameanza kulipiga kwa kitu kizito. Msafi akasogea hatua moja kuelekea mlangoni.

"Jumatatu kuna moja tu," akasema Wifi. "Imetoka..." Akainua macho, akayashusha tena. "Imetoka kwa bosi."

"Soma."

Wifi akasoma kwa sauti ya mtoto anayeitwa ubaoni. "'Asante kwa ujumbe wako. Nipo msibani kwa maziko ya mjomba wangu, sina simu wala kompyuta. Nitakujibu nikirudi.' Na juu yake imeandikwa ni jibu la... 'Tahadhari, nyama ya kibudu.'"

"Ah!" Msafi akacheka. "Hilo linajijibu lenyewe! Niliweka kabla ya kusafiri, ili watu wajue sipo. Mashine inajibu, mimi sijui kitu!"

"Najua uliweka," akasema Karani. "Uliiweka ili iwe shahidi wako kwamba hupo. Na imeshuhudia, bosi. Imesema barua ile ilifika kwako Jumatatu, wewe peke yako, wakati duniani hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo. Ukaijibu, na jibu likaja kwa mwenye jina la juu. Kwangu."

"Labda huyo mwizi aliamua kuanza na mimi!"

Karani alimgeukia baba mkwe.

"Baba, ndoano mpya ikifika hapa, mnafanyaje kabla ya kumning'iniza ng'ombe?"

Mzee Shoka alikuwa mtu wa maneno machache, na shule alipita kwa nje akipeleka nyama. Lakini swali hilo lilikuwa lake.

"Tunaijaribu," akasema polepole. "Anayeifunga ndiye anayening'inia kwanza. Mwenyewe."

"Kwa nini mwenyewe?"

"Ili ajue imeshika, kabla ya kumtundika mwingine."

Neno lile lilipotoka mdomoni mwake likamrudia masikioni. Akamgeukia meneja, akatanua mabega yale yaliyopasua ng'ombe maisha yote.

Msafi akaruka mlangoni. Wifi alikuwa karibu zaidi. Alimkaribisha kwa lile buti la pili katikati ya uso. Pua ikalia kama mfupa wa kuku. Funguo zikaanguka, na kabla hazijatulia sakafuni Wifi alishaziokota, akageuza moja kwenye kitasa, akazitumbukiza kifuani, mahali ambapo hakuna meneja aliyewahi kufika.

"Teleza tena," akamwambia. "Mbona sakafu ni ile ile?"

Msafi alikuwa amepiga magoti, damu ya pua ikishuka kidevuni. Cha ajabu, aliikinga kwa mkono wa kushoto isiguse koti. Wa kulia ulikuwa bado mfukoni. Tangu aingie, haujatoka.

Mzee Shoka aliweka kisu chini. Akaweka buti juu ya gogo, akashika mpini wa shoka kwa mikono miwili. Safari hii hakuvuta kwa hasira. Alivuta taratibu, kama mtu aliye kazini. Gogo likalegea. Shoka likatoka, na kile kidole cha Karani kikaanguka kando. Mzee akainama, akakiokota, akakiweka juu ya dirisha kwa heshima, kama kitu cha mtu.

"Mwanangu," akamwambia Karani, bila kumtazama. "Wewe na mimi tutaongea. Deni langu kwako sijui nitalilipaje."

Kisha akamburuta Msafi kwa ukosi mpaka kwenye gogo, akamsimamisha mbele yake. Nje, geti lilikuwa limepasuka. Miguu ya watu ilisikika inakuja mbio uani.

"Bosi," akasema Mzee Shoka, "unaandikia mkono gani?"

Meneja huyu ndiye anayetia saini kila karatasi inayotoka pale. Hakuna mchinjaji, mpasuaji wala muosha utumbo asiyejua anaandikia mkono gani.

Msafi akainua wa kushoto.

"Huu, Mzee. Naapa. Tangu utotoni."

Wote watatu walikuwa wanatazama mfuko wake wa kulia, ambako jasho la kiganja lilikuwa limelowesha kitambaa, na kwenye koti lile ambalo halijawahi kupata doa, buluu ilikuwa inachanua.